Nilivyopima siku za viza ya Ulaya kwa futi ya fundi cherehani

Mimi ni fundi cherehani. Kijerumani sijui, na Kiingereza changu ni cha kuuzia vitenge. Nayasema haya mapema ili mtoto wa kaka yangu, anayejiita mtaalamu wa viza tangu aende Dubai mara mbili, akisoma ajue ni yeye.

Viza ya kwanza niliipata mwaka 2023, binti yangu wa Hamburg alipojifungua mapacha. Habari ya makaratasi sitaieleza, mwaliko na taarifa ya benki na bima ya yuro 30,000, hayo kila mtu anayajua. Stika ilipotoka niliisoma mpaka macho yakauma. Kutoka 3 Mei mpaka 16 Julai, hapo nimeelewa. Ila kulikuwa na namba 60, na pembeni yake neno TAGE. Mimi nikasoma "tege". Nikajiuliza, miguu yangu inawahusu nini hawa? Na hiyo 60 nikadhani ni umri, nikanuna kabisa, maana nilikuwa na miaka 58.

Nikampigia mtaalamu. "Shangazi, wewe angalia tarehe ya mwisho tu. Una mpaka 16 Julai, kula bata."

Basi nikaenda kula bata. Niliingia tarehe 5 Mei, nikakuta mapacha wanalia kwa zamu, usiku mmoja huyu, usiku wa pili yule. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya mwisho wa Juni, lakini binti akabembeleza, "Mama ongeza wiki mbili, si viza ipo?" Mkwe akaisogeza mpaka 14 Julai. Alilipa kama laki nne na ushee kwa hesabu ya huku, na hakulalamika, ni mtoto mzuri.

Kilichoniokoa ni mapazia. Kuna mama mmoja wa Mombasa, mkazi wa kule miaka mingi, alisikia yupo fundi toka bara akaniletea mapazia niyapunguze. Nikiwa napiga pindo, pasipoti iko mezani, akaifungua kama anayetazama albamu ya harusi. Akanyamaza. Akauliza narudi lini. Nikamwambia. Akasema, "Dada'ngu, hizi tarehe mbili ni mlango, wafunguliwa lini na wafungwa lini. Siku za kukaa ndani ni hizi sitini." Tage ni siku! Miezi miwili nashangaa miguu yangu.

Ilikuwa tarehe 28 Juni. Tukahesabu kwa vidole. Siku ya kuingia inahesabiwa hata ukitua saa tano usiku, na ya kutoka inahesabiwa vilevile. Kutoka 5 Mei, ya sitini inaangukia 3 Julai. Zile siku 15 za ziada kwenye stika wanaweka ili safari ikisogea mbele au nyuma usikwame, si za kukalia. Ningekaa mpaka tarehe 14 ningezidisha siku 11, na hapo unaweza kupigwa faini, ukafungiwa kuingia, au viza ijayo ukaisikia redioni. Mkwe akalipa tena. Nikatoka tarehe 2, mkoba mmoja nimeusahau kwao.

Nikarudi mara mbili nyingine, viza fupi fupi, kila mara nikitoka kabla ya siku kuisha. Na hapa kuna jambo ambalo mtaalamu hakuwahi kuniambia: ukitumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili, kanuni yao inasema wakupe ya mwaka mzima, unaingia na kutoka. Mwanzoni mwa 2025 nikapewa. Kwenye stika, mahali pa idadi ya kuingia, wameandika MULT, yaani mara nyingi. Siku: 90.

Mtaalamu akaibuka. "Shangazi, hiyo tamu. Ukikaribia tisini unaruka Istanbul siku moja, ukirudi inaanza upya."

Haianzi upya. Ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na hizo 180 zinatembea nawe. Kila siku uliyo ndani, unageuka nyuma unahesabu 180, na leo ikiwemo, unauliza humo nimekaa ngapi. Na 90 ni siku, si miezi mitatu. Julai na Agosti zote zina 31, utaumbuka.

Nilikuwa nimekaa kuanzia 10 Januari mpaka 28 Februari, siku 50. Nataka kurudi 1 Juni. Nyumba nzima ikakubaliana: tisini toa hamsini, zimebaki arobaini, mwisho 10 Julai. Hata mkwe, ambaye ni mtu wa hesabu. Mimi hesabu za kichwa siziamini, naamini kitambaa.

Nikachukua utepe wa satini mweupe, karibu mita nne. Sentimita moja, siku moja. Kila mwanzo wa mwezi nikaweka alama ya kalamu. Zile siku 50 nikazishona kwa uzi mwekundu, moja moja. Futi yangu ya kupimia inaishia sentimita 150, nikakata nyingine iliyochakaa nikaunga 30, ikawa 180. Kisha nikashona nyekundu kuanzia 1 Juni kwenda mbele, na kila siku nasogeza ncha ya futi hatua moja, nahesabu wekundu ulio chini yake.

Tarehe 8 Julai zikawa siku 88. Nikasema basi, siku mbili tu zimebaki. Nikasogeza: 88. Nikasogeza tena: 88! Nikavua miwani nikaifuta. Kumbe mbele naongeza siku moja na nyuma siku moja ya Januari inatoka chini ya futi. Ikaenda hivyo mpaka mwisho wa Agosti. Tisini zilitimia tarehe 29 Agosti. Yaani naruhusiwa siku 90 mfululizo, si 40.

Binti akaingia kwenye kikokotoo cha Tume ya Ulaya mtandaoni, akajaza tarehe. Jibu lilelile. Mkwe akaomba aupige picha utepe.

Viza hiyohiyo niliingilia Uswisi kwa treni, hawamo Umoja wa Ulaya lakini Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja na hesabu moja ya siku, wamo. Uingereza usijaribu, wale wana viza yao. Na kama yako ni ya kuingia mara moja, ukitoka kwenda London kusalimia, kurudi Hamburg hakupo. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza kuandikisha kwa uso na alama za vidole badala ya mihuri, ila hesabu ya siku ni ileile.

Nilitoka 27 Agosti. Afisa wa uwanjani akafunua mihuri yangu, akachukua kalamu, akahesabu, akarudia kuhesabu. Nikaingiza mkono mkobani nimtolee utepe. Binti, aliyesimama nyuma ya kamba, akanikata jicho kutoka mbali. Afisa akagonga muhuri.

Wiki iliyopita mtaalamu kapiga simu, kapata viza ya Ufaransa, anaomba nimwazime utepe. Nimemwambia satini inauzwa Kariakoo.