Siku nzima na Raleigh ya marehemu babu

Saa 12 na nusu asubuhi

Nilipofika kibandani kwangu, ninapotengeneza baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, sahibu yangu alikuwa keshakaa juu ya ndoo ananingoja. Baiskeli ya Raleigh ya marehemu babu yake imeegemea ukuta: matairi yamechanika, madigadi ya nyuma imefungwa kwa kamba ya katani, tandiko la ngozi limekauka na kujikunja kama ndala iliyoachwa juani. Imelala stoo zaidi ya miaka ishirini. Mzee alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na kwa ukoo ule baiskeli hii ina cheo kuliko baadhi ya wajomba, maana inasemekana aliinunua mwaka wa Uhuru, 1961.

"Leo jioni naiendesha hadi kwa Bi Mkubwa," akasema.

"Jioni mbali. Tuombe kwanza kotapini zitoke."

Saa 2

Pancha tatu, breki moja, na mwanafunzi aliyekuja kujaza upepo bure kama kawaida yake. Tanga ni mji wa baiskeli, kina mama kwa kina baba, kwa hiyo asubuhi fundi hachagui kazi. Sahibu yangu nikampa kopo la mafuta ya taa na brashi, asugue cheni.

Saa 3 na nusu

Kotapini ni kijipini cha chuma kinachobana mkono wa pedali kwenye ekseli. Kikikaa miaka bila kuguswa, kutu hukigandisha. Tangu juzi nilikuwa nimezilowesha dizeli. Wengi hupiga nyundo mkono wa pedali ukiwa unaning'inia hewani, nguvu yote ikaishia kwenye goroli, na pini ikapinda palepale ilipo. Mimi nina kipande cha bomba la maji. Nakisimamisha chini, mkono wa pedali unakaa juu yake, upande mnene wa pini ukielekea tundu la bomba. Nati nailegeza mpaka iwe sawa na ncha ya pini, isizidi wala isipungue, ili thredi zisivurugike. Halafu pigo moja. Si kumi ya woga, moja la mtu aliyekula.

Ya kushoto ilitoka kwa pigo hilo hilo, tukapeana mikono. Ya kulia ikakatika. Ikabidi niitoboe kwa drili, taratibu, karibu saa nzima, huku mwenzangu ameshikilia fremu ananisimulia habari za mchango wa harusi ambazo sikusikia hata moja.

Saa 6

Goroli za ekseli ya pedali zilikuwa zimelika, kumi na moja kila upande, za robo inchi. Goroli zinauzwa, si tatizo. Tatizo ni vikombe vyake, vile zinamozungukia. Muuza spea alinipa cha baiskeli ya Kihindi akaapa kinaingia. Hakiingii! Raleigh walijichongea thredi zao, 26 kwa inchi, ilhali nyingi nyingine ni 24, na ukilazimisha unaua fremu. Tukasafisha vya zamani, vina makovu kidogo, tukavijaza grisi, vikarudi kazini. Matairi ya 28 kwa moja na nusu hayakutusumbua, kwani baiskeli za Phoenix na Hero zinavaa hayo hayo.

Saa 7 mchana

Wali, samaki, na ugomvi. Yeye alitaka tupulize rangi nyeusi, ing'ae. Nikakataa. Chini ya lile vumbi bado kuna mistari ya dhahabu, na shingoni ipo nembo ya korongo. Ukipuliza rangi umeizika yote hiyo, unabaki na baiskeli nyeusi kama mia nyingine zinazopita hapa mbele. Nikafuta sehemu ndogo tu kwa kitambaa chenye mafuta, mstari ukajitokeza. Akaacha kubishana, akageukia rimu, akazisugua kwa karatasi ya foili na maji mpaka vidole vikawa vyeusi.

Saa 9

Gurudumu la nyuma. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni Sturmey-Archer ya gia tatu, na gia zote zimo tumboni mwake. Ina kitundu chenye kifuniko. Hapo unadondoshea mafuta mepesi, si grisi. Nilipoifuta, maandishi yakaonekana: AW, ndiyo modeli yake, kisha 62, kisha 5. Namba hizo ni tarehe ya kiwandani Nottingham, Uingereza: Mei 1962.

Tukatazamana. Baiskeli ya mwaka wa Uhuru, habu ya mwaka uliofuata.

"Labda gurudumu lilibadilishwa," nikasema. Inawezekana kweli.

"Usimwambie Bi Mkubwa."

Saa 10 na nusu

Nikaijaribu mimi kwanza. Niko gia ya pili, nikasimama kukanyaga, pedali ikaenda bure, goti likagonga usukani mbele ya dada wa mihogo. Alicheka mpaka akaacha mihogo iungue. Kosa langu: kijicheni cha gia kinachoingia ndani ya ekseli nilikiacha kimelegea, na habu hii, kati ya gia ya pili na ya tatu, ina mahali isiposhika huku wala kule. Unaweka gia ya pili, unachungulia tundu la nati, unakaza mpaka bega la kijifimbo cha ndani liwe sawa na ncha ya ekseli. Nayajua yote hayo. Nilikuwa na haraka.

Saa 12 jioni

Yeye juu ya Raleigh, mimi nyuma na Phoenix yangu. Habu inalia tik-tik-tik njia nzima. Bi Mkubwa alitoka nje kabla hatujapiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Macho yako kwenye baiskeli.

"Ile ya Uhuru hiyo, mama," mwenzangu akasema kwa kujipenyeza.

"Uhuru gani? Nani kawaambia? Baba kainunua mwaka wa Jamhuri. Niko darasa la pili, siku ya sherehe alinipakia kwenye keria mpaka uwanjani. Huyo mjomba wako kila kitu kwake Uhuru, na wala hakuwa amezaliwa."

Jamhuri ni tarehe 9 Desemba 1962. Kutoka Mei, meli ilikuwa na muda wa kutosha. Sahibu yangu akanitazama, mimi nikajifanya nakagua breki.

Bi Mkubwa akapapasa usukani mpaka kidole kikafika kwenye kengele mpya. Akaibonyeza mara moja.

"Na kengele yake mmeipeleka wapi?"