Mesej iliyotutoa uwanjani

Jamani ngoja niwaambie, jana jioni tulikua uwanjani chuo tunafanya mazoezi, mvua hata haijaanza, mawingu tu meusi kwa mbali na ngurumo moja moja, mara simu zetu zote zikalia kwa pamoja, mesej ya chuo: ingieni ndani sasa hivi, radi inakaribia. Wengine wakaanza kubisha eti mbona hakuna hata tone, ila kocha hakutaka mjadala, akatuingiza wote kwenye jengo la madarasa, sio chini ya mti wala kile kibanda cha pembeni manake kibanda kilicho wazi hakikingi radi kabisa.

Mvua ilivyokata tukataka kutoka, mlinzi akakataa, mpaka zipite dakika 30 toka ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena unaanza kuhesabu upya. Nilikua sijui, kumbe radi inaweza kupiga hata kilomita 15 kutoka ilipo mvua yenyewe!

Kilichoniuma ni rafiki yangu wa hosteli, yeye mesej hakuipata, alibadilisha laini na namba mpya hajaiandikisha ofisini, akawa anatembea nje peke yake mvua yote ile. Yaani mfumo mzuri hivyo halafu mtu anakosa kwa ajili ya namba. Na mimi naona chuo kiweke na king'ora, manake umeme ukikatika hata mtandao wa simu unasumbua. Leo asubuhi nimeenda nae ofisini, kaandikisha.