Bado haijaota

Jana asubuhi daktari wa wodi kanipigia tena huku maabara: "Dada, mkojo wa yule bibi umeota?" Bado. Sahani tuliyopandia mkojo huo ili bakteria waote iko kwenye inkubeta, kabati la joto, nyuzi 37, na bakteria hawaharakishwi: saa 18 hadi 24, halafu vipimo vya kuwatambua.

Ndiyo maana naionea wivu spektroskopia ya Raman, njia ya kuwatambua bakteria kwa mwanga bila kusubiri waote. Unawamulika bakteria kwa leza. Chembe moja hivi ya mwanga kati ya milioni 10 hurudi na rangi iliyobadilika kidogo, kufuatana na mtetemo wa molekuli zao, na hiyo ndiyo alama ya kuwatambulia. Mwanafizikia wa India C. V. Raman aliligundua hilo Kolkata mwaka 1928, zamani zote hizo! Tatizo, mwanga huo ni hafifu mno, na mkojo una vitu vinavyong'aa na kuufunika.

Bakteria wa yule bibi ni E. coli. Tumejua leo saa nne.