Soli za kupimwa au za dukani: nilivyoamua kuhusu kisigino changu

Mi nafundisha hesabu sekondari hapa Moshi, vipindi vikibanana nasimama toka asubuhi mpaka mchana kwenye sakafu ya saruji, na kisigino cha kulia kilianza kuuma kidogo kidogo mpaka ikafika hatua asubuhi nikishuka kitandani ule mguu wa kwanza kukanyaga chini unachoma mpaka nashika ukuta. Nikitembeatembea unaachia, nikikaa ofisini kusahihisha madaftari afu nikiinuka unarudi upya. Mwenye shida hii ameshajua naongelea nini. Naandika hasa kwa ajili ya yule ambaye ameshapita hospitali, ameambiwa atafute soli za kuweka ndani ya kiatu, na sasa yuko njia panda, anunue zilizo tayari dukani au akapimwe mguu atengenezewe zake, maana tofauti ya bei inatisha na kila unayemuuliza ana jibu lake.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Nilipigwa picha ikaonekana kuna kimfupa kimechomoza chini ya kisigino, na shuleni wenzangu wakaniambia hicho lazima kikatwe la sivyo sitakaa nipone. Daktari akanituliza, akasema watu wengi tu wana hicho kimfupa na hawaumwi popote, kinachouma ni ule utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda kwenye vidole na kushikilia upinde wa unyayo, sasa pale unaposhikana na mfupa umechoka na umekuwa mnene. Wengi wanapona ndani ya mwaka hivi bila kisu chochote. Akanitajia na sindano ya steroidi, kwamba inatuliza kwa muda ila kuna hatari ya utando kuchanika, nikamwambia hiyo tuiache kabisa iwe ya mwisho. Akaniandikia niende fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na niende karakana ya viungo bandia nikaonwe mguu.

Hapa Moshi kwenye hili tuna bahati sana na wengi hawajui. Pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT, kipo toka 1981, kinafundisha mafundi wa miguu bandia na vifaa vya kusaidia viungo, na wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo ukitaka soli ya kupimwa sio lazima uagize nje, mtaalamu aliyesomea hiyo kazi unaweza kumpata karibu.

Bei niliyotajiwa ya soli za kupimwa ilikuwa kama laki mbili na nusu, na bima yangu ilikubali kulipia daktari na fizio ila soli nitoe mfukoni. Za dukani zile nzuri nilikuwa nimeshaziona kwenye elfu arobaini. Kwa mshahara wa mwalimu tofauti hiyo ni ada ya mtoto kabisa, na ukweli nilishaanza kupiga hesabu za kukopa, nikijua ya bei kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya mguu wangu mwenyewe lazima itashinda ile ya dukani.

Yule kaka wa karakana ndo aliyenifungua macho. Alinitembeza peku kwenye korido huku anaangalia visigino kwa nyuma, akanisimamisha kwa ncha za vidole aone kama visigino vinageuka kwenda ndani, vikageuka, akaushika mguu akaukunja huku na huku, akabonyeza kwa dole gumba pale pale panapouma nikaruka. Afu akasema, "Mwalimu, nikikupima leo utanipa hela na nitakutengenezea, lakini mguu wako umbo lake halina tatizo, haujakakamaa, haujapinda, sukari huna. Anza na ya dukani iliyo ngumu kidogo, fanya na mazoezi, usipoona mabadiliko rudi tutapima." Nikamwambia asante kaka, ila moyoni nikawa na wasiwasi, mtu anakataaje hela?

Nikaenda kumuuliza dada wa fizio. Yeye akaniambia hilo swali limeshafanyiwa utafiti siku nyingi. Kuna mmoja ulifanyika Marekani ukatoka 1999, watu 236 wenye maumivu haya haya ya kisigino, wakagawanywa makundi, wote wanafanya mazoezi ya kunyoosha, wengine wanaongezewa soli za tayari na wengine za kupimwa. Baada ya wiki nane waliotumia soli za silikoni za tayari, asilimia 95 walikuwa na nafuu, wa soli za kupimwa asilimia 68, yaani chini hata ya wale waliofanya mazoezi peke yake ambao walikuwa asilimia 72. Mwingine wa Australia wa 2006, watu 135, ulilinganisha soli ya kupimwa, ya tayari iliyo imara, na kisoli chembamba laini cha danganya toto. Miezi mitatu ya mwanzo zile mbili za kweli zilisaidia kidogo kuliko ile laini na zenyewe kwa zenyewe zililingana, ila baada ya mwaka makundi yote matatu yalikuwa karibu sawa. Mi ni mtu wa namba, hizo namba zilinitosha.

Kabla sijanunua akanifanyia kitu ambacho naona kila mtu angefanyiwa. Akachukua plasta ya kitambaa, ile nyeupe isiyovutika, akaufunga unyayo kwa mikanda inayopita chini ya upinde, akaniambia nikae nayo siku chache nikafundishe kama kawaida. Maumivu yakapungua wazi wazi. Akasema hiyo ni dalili nzuri kwamba mguu wangu ukishikiliwa pale chini utanisikiliza, kwa hiyo soli ina nafasi ya kusaidia. Plasta ni hela ndogo, unajaribu kabla hujatoa hela kubwa.

Sasa kununua kwenyewe, hapa ndo panahitaji umakini maana mtaani zimejaa za kila aina. Zile za jeli laini zinazometameta ukikanyaga zinakupa raha dukani ila nyingi hazishikilii kitu, ni mto tu. Nilichofundishwa ni hiki, shika soli mkononi, bonyeza pale kwenye upinde kwa dole gumba kwa nguvu, ikididimia yote mpaka chini iache. Halafu ikunje, inatakiwa ikunjike pale mbele kwenye vidole, ikikunjika katikati haina msaada. Kisigino chake kiwe na kikombe, yaani kingo zimenyanyuka kidogo kukumbatia kisigino. Na usiangalie namba peke yake, pima pale upinde wa soli unapokaa, mi mguu wangu ni namba 39 lakini moja niliyojaribu upinde wake ulikuja mbele sana ukawa unanichoma katikati ya unyayo, nikaiacha nikachukua ya kampuni nyingine. Duka likikukatalia kuvua kiatu na kujaribu, toka, nenda duka lingine.

Na nenda na kiatu utakachovalia. Hili ni kubwa kuliko watu wanavofikiria kwa sababu soli inachukua nafasi, kiatu cha kazini cha kina mama kile chembamba cha kuchomeka hakiingii kitu, utabana vidole mpaka upate tatizo jipya. Inabidi kiatu kiwe cha kamba au cha mkanda na soli yake ya ndani iwe inatoka, unaitoa ile ya kiwandani unaiweka juu ya hii mpya unachora kwa peni unakata mbele kwa mkasi, unakata kidogo kidogo maana ukizidisha huwezi kurudisha. Mi nilienda soko la Memorial nikachambua mitumba mpaka nikapata raba nyeusi isiyo na mbwembwe, inayoweza kuvaliwa na sketi ya kazini. Kwenye mtumba angalia mambo mawili, finya kisigino kwa nyuma kiwe kigumu, na kiweke kiatu mezani ukitazame kwa nyuma kama kimelala upande, kikiwa kimelala maana yake aliyekivaa kabla yako amekimaliza na soli yoyote utakayoweka ndani italala nayo.

Siku ya kwanza usivae kutwa nzima. Nilianza na masaa machache, nyumbani, nikawa naongeza, na bado misuli ya shavu la mguu iliuma kidogo mwanzoni ila ikazoea. Nyumbani nikaacha kutembea peku kwenye saruji, nikawa na kandambili nene zenye upinde. Mama mkwe alipokuja alishangaa navaa viatu ndani, nikamweleza, akaelewa.

Mazoezi ndo sitaki mtu ayaruke, kwa sababu soli peke yake isingenifikisha. Asubuhi kabla sijakanyaga chini nakaa kitandani naweka mguu unaouma juu ya goti, nashika vidole navivuta kuelekea kwenye ugoko mpaka nasikia utando umekaza kwenye unyayo, nashikilia kwa hesabu ya kumi, naachia, mara kumi. Tena mchana, tena jioni. Baadaye dada wa fizio akaniongezea la kujenga nguvu, unakunja taulo unaliweka chini ya vidole kwenye ngazi, kisigino kinaning'inia, unapanda taratibu kwa sekunde tatu, unatulia mbili, unashuka kwa tatu, siku moja unafanya siku moja unapumzika. Hili gumu! Lakini ndo nililoona linabadilisha mambo, baada ya hapo ile asubuhi ya kushika ukuta ikaanza kupotea yenyewe, taratibu, haikuwa usiku mmoja, ilichukua miezi.

Sasa asije mtu akasema mwalimu kasema soli za kupimwa ni kupoteza hela, hapana, maana wakati huo huo nilimpeleka mama yangu na kwake jibu likawa kinyume kabisa.

Mama ana kisukari cha miaka mingi. Alikuwa analalamika miguu inawaka moto usiku, nami nikawaza nitamnunulia soli kama zangu. Kaka wa karakana akasema subiri kwanza. Akamfumbisha macho, akachukua kiuzi cha nailoni kilichofungwa kwenye kijiti, akawa anakigusisha kwenye unyayo mpaka kinapinda, anamwambia, "Mama, ukisikia nimegusa sema ndiyo." Akagusa chini ya kidole gumba, kimya. Akagusa pale unyayo uliponenepa nyuma ya vidole, kimya. Mama amefumba macho ametulia anasubiri aguswe, na mimi naona uzi umeshapinda pale. Kisiginoni ndo akasema ndiyo. Nilisikia baridi mwilini. Na kidole kimoja kilikuwa kimejikunja na chini yake kuna sugu nene, akatuambia pale ndo kidonda kingeanzia, na mama asingesikia.

Mguu ambao hausikii, soli ngumu ya dukani ikiwa na ukingo unaochoma mwenye nao hajui, anatembea nayo mpaka ngozi inafunguka, na kidonda cha mguu kwa mwenye sukari kinaweza kuishia kukatwa mguu. Kwa hiyo kwa mama hatukubishana na bei, tukachanga mimi na kaka zangu. Wakamkalisha kwenye kiti, wakaweka mguu wake juu ya boksi la sponji ile inayobonyea ikabaki, wakausukuma chini taratibu kuanzia kisigino mpaka vidole, ukatoka umeacha alama yake yote, hadi kile kidole kilichokunjika. Ndani ya alama wakamimina plasta ya unga iliyokorogwa na maji ikaganda ikawa unyayo wa mama, mweupe, mezani. Juu ya huo wakalaza sponji ngumu ya tabaka mbili iliyotoka kwenye oveni ikiwa ya moto, ikashika umbo, wakasaga kwa mashine na pale chini ya sugu wakapunguza ili uzito uende sehemu nyingine. Na wakatuelekeza kiatu chenye kina, mbele kipana, ndani kisiwe na mshono unaokwaruza.

Kwa hiyo nikiulizwa sasa hivi nauliza kwanza wewe una mguu gani. Kama ni kisigino tu, asubuhi ndo mbaya, na mguu una hisia zake zote, anza na ya dukani iliyo imara pamoja na mazoezi na kiatu cha maana, vumilia wiki kadhaa. Kama una sukari, au ganzi, au mguu umepinda na kukakamaa, au mguu mmoja mfupi, au uliwahi kuwa na kidonda, usinunue chochote kabla mtaalamu hajaushika huo mguu. Na kama kisigino kinauma hata ukiwa umelala, au kimevimba chekundu na homa juu, hiyo sio habari ya soli, wahi hospitali.

Za mama tunazirudisha karakana kukaguliwa kila anapoenda kliniki, na kila asubuhi kabla hajavaa anaingiza mkono ndani ya kiatu kuhakikisha hakuna kijiwe. Za kwangu zimeanza kulala upande wa kisigino, mwisho wa mwezi nanunua nyingine zile zile.