Usiku Nilipofuta Shajara Yangu

Mwaka 1999 nilikuwa na ukurasa wangu kwenye intaneti, nikiuunda mwenyewe, alama kwa alama, kwa HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti. Neno "weblog", yaani shajara ya mtandaoni, lilikuwa bado changa; Jorn Barger alilibuni Desemba 1997. Aliyenivuta hasa ni Justin Hall, Mmarekani aliyeanza kuanika maisha yake kwenye tovuti mwaka 1994 akiwa mwanafunzi. Nilipomsoma nilijiambia, kumbe mtu anaweza kusema yake bila kumngoja mhariri!

Kazi ilikuwa hivi: unafungua faili, unaandika ya leo juu ya ya jana, unakagua kama kila alama imefungwa, kisha unalipeleka faili kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, kwa FTP, njia ya kuhamisha mafaili mtandaoni. Modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na intaneti kupitia simu, inapiga kelele, nawe unasubiri.

Usiku mmoja wa Novemba usingizi ulinizidi. Nilichagua maandishi yote ili niyanakili, kidole kikagusa kitufe kingine. Nikahifadhi bila kutazama, nikatuma. Nilipoufungua ukurasa, weupe mtupu toka juu hadi chini. Miezi minne ya maandishi, pamoja na yale ya juma tulilomzika baba, hayakuwepo kwenye seva wala kwenye kompyuta yangu. Nilikaa pale hadi alfajiri, mkono bado uko kwenye kipanya.

Kesho yake jioni nikakuta barua pepe ya mtu nisiyemjua. Alikuwa ameona ukurasa mweupe, akapekua kumbukumbu za kivinjari chake, akapata nakala ya siku chache nyuma. Alikuwa ameiambatisha. Nililia. Hadi siku ile sikuwa na hakika kama kuna anayenisoma.

Zilikosekana siku tatu za mwisho. Wiki hiyohiyo nikajiunga na Blogger, huduma ambayo kampuni ndogo ya Pyra Labs ilikuwa imeizindua Agosti. Kisanduku cha kuandikia na kitufe, basi. Yenyewe iliweka tarehe, ikapanga mapya juu, ikapeleka kurasa kwenye seva yangu kwa FTP ileile. Wengi waliipendea wepesi. Mimi niliipendea kwamba kila nilichoandika kilibaki pia kwenye hifadhi yao, mbali na vidole vyangu.

Nilianza na zile siku tatu. Mbili nilizikumbuka, nikaziandika upya. Ya tatu niliiwekea tarehe yake, nikabonyeza kitufe.