Chipukizi la Kijani

"Una roho ngumu wewe, wifi. Unang'oa lenye afya, unabakiza yaliyopauka?"

Tangu Jumamosi, wifi yangu aliponikuta nikiling'oa chipukizi la kijani kwenye ua langu, maneno yake haya hayanitoki. Mimi bado niko palepale, chini ya mti, kisu mkononi. Nilimjibu, "Litayameza mengine." Akanyamaza. Jibu lilikuwa la kweli, ila fupi mno.

Mnaijua ile hosta yangu, ua la bustani la majani mapana linalostahimili kivuli, ya aina ya Patriot: katikati kijani, kingo nyeupe. Kingo hizo ni tabaka la seli lisilo na umbijani, ile rangi ya kijani ambayo mmea hutumia kujitengenezea chakula kwa mwanga. Tabaka likitoweka chipukizi linapoumbwa, jani hutoka kijani tupu. Jani la namna hiyo hujitengenezea chakula kingi zaidi kwa mwanga uleule, kwa hiyo hukua haraka, na misimu michache baadaye weupe wote umekwisha. Kukata majani peke yake hakusaidii, kwani jicho lililo chini litachipua tena. Fukua taratibu mpaka uone chipukizi linapoungana na shina, ulikate hapo na mizizi yake. Mwezi wa Mei, majani yakiwa bado yamejikunja, ndio wakati mzuri.

Kisu nakiosha kwa sabuni, kisha nakiloweka kwenye jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kabla ya kugusa shina jingine. Kirusi X cha hosta, kilichoelezwa na watafiti wa hapahapa Minnesota, Marekani, mwaka 1996, huenezwa na utomvu na hakina dawa. Ukiona rangi imevuja kando ya mishipa ya jani kama wino kwenye karatasi mbichi, choma au tupa shina zima, usilitie kwenye mboji.

Lakini lile la kijani halina ugonjwa wowote! Nimelipanda kwenye chungu, kitako kikiwa usawa wa udongo, na tayari jani la pili linakunjuka, zito, linang'aa. Ni la wifi. Upande wa kaskazini wa nyumba yake, penye kivuli kizito ambamo hosta zenye weupe katikati ya jani zingedhoofika, hili litanenepa. Atahitaji tu chembechembe za fosfati ya chuma, chambo cha kuua makoa, mapema, kabla hawajatoboa majani.