Nilivyoipa Camaro ya 1969 injini ya LS3 na breki za diski

Chevrolet Camaro yangu ya mwaka 1969 ilinifikia ikiwa na injini ya V8 ya lita 5.7 iliyochoka, giaboksi ya mkono yenye gia nne, na breki za ngoma katika magurudumu yote manne. Injini ilikuwa ikila oili, kabureta ilifurika petroli kila mara gari lilipozimwa likiwa na joto, na kuiwasha asubuhi yenye baridi kulihitaji subira. Niliamua kubaki na bodi, viti na dashibodi kama vilivyo, kisha nibadilishe injini na breki. Katika mpango wangu wa kwanza injini ndiyo iliyotangulia, na breki zingesubiri hadi gari liweze kutembea. Mpango huo niliugeuza kabla sijafungua hata nati moja.

Kilichonigeuza ni hesabu ndogo. Nishati ya gari linalotembea huongezeka kwa mraba wa mwendo wake, kwa hiyo gari lililo katika kilomita 120 kwa saa lina nishati mara nne ya lile lililo katika kilomita 60, na breki zinapaswa kuigeuza nishati yote hiyo kuwa joto. Ngoma ikipata joto hutanuka kwenda nje na kujitenga na viatu vya breki, ndiyo maana katika mteremko mrefu pedali yangu ilikuwa ikizidi kushuka kila nilipoikanyaga. Diski haina tabia hiyo: ikipata moto hunenepa kuelekea kwenye pedi, tena iko wazi kwa upepo. Injini niliyokuwa nimeinunua, LS3 ya lita 6.2 kutoka Camaro SS ya mwaka 2011 iliyogongwa nyuma, hutoa nguvu farasi 426 ikiwa kama ilivyotoka kiwandani. Kuifunga juu ya ngoma zile kungekuwa kumpa dereva mwendo asioweza kuusimamisha.

Mbele nilifunga diski za inchi 13 zenye kalipa (vibanio vya pedi) za pistoni nne, na nyuma diski za inchi 12 zenye breki ya mkono ndani ya kitovu chake. Ringi za asili za inchi 14 hazingeweza kuzifunika, kwa hiyo nilikata kadibodi kwa umbo la diski na kalipa, nikaizungusha ndani ya ringi ya inchi 17, na nilipoona inapita bila kugusa popote ndipo nilipoagiza. Mabomba yote ya chuma niliyatoa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na nilipokata bomba la nyuma kwa msumeno nilikuta ndani yake tope la kahawia la kutu. Unyevu huo hushusha pia kiwango cha kuchemka: mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi nyuzi 155, joto ambalo breki zikikazwa mfululizo hulifikia bila shida.

Masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali, nayo ilibadilishwa pamoja na busta yake, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu. Mfumo wa ngoma huachiwa presha ndogo ndani ya mabomba, takriban PSI 10 (pauni kwa inchi ya mraba), hata pedali ikiwa imeachiwa. Presha hiyo kwenye diski hubakiza pedi zikisugua muda wote. Nilikuwa nimelisoma hilo na nikalizingatia, lakini magurudumu yalishika hata hivyo. Baada ya kama kilomita tatu za majaribio gari lilianza kuwa zito, na niliposimama ringi za mbele zilikuwa zikitoa joto nililolihisi kwa kiganja bila kuzigusa. Nililiinua gari kwa jeki, nikajaribu kuzungusha gurudumu, likakataa kabisa. Nikaegemea ndani ya boneti, nikalegeza zile nati mbili zinazoshika masta silinda kwenye busta, labda milimita mbili tu, na papo hapo gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja. Hapo nikajua tatizo halikuwa kwenye kalipa. Kijiti cha busta kinachosukuma pistoni ya masta silinda kilikuwa kirefu kupita kiasi, hivyo pistoni haikuwa ikirudi mwisho, na mafuta yaliyotanuka kwa joto yalikosa njia ya kurudi kwenye chupa. Nilikifupisha kijiti kidogo kidogo hadi kikabakiza uwazi mwembamba, na tatizo halikurudi tena.

Kazi iliyobaki upande huo ilikuwa vali ya kugawa presha kati ya mbele na nyuma. Gari linapofunga breki uzito wake huhamia mbele, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yakipewa presha sawa na ya mbele hujifunga kwanza, na mkia hutaka kutangulia. Nilikwenda kwenye uwanja mpana usio na watu, nikamwaga maji, nikafunga breki kwa nguvu katika mwendo mdogo huku mwenzangu akitazama magurudumu kutoka pembeni. Tulizungusha kitasa cha vali nusu mzunguko kwa kila jaribio ili kupunguza presha ya nyuma, hadi magurudumu ya mbele yakawa ndiyo yanayojifunga kwanza. Kwa wiki kadhaa niliendesha gari hivyo, likiwa na breki mpya na injini ya zamani, na mguu wangu ukaizoea pedali kabla ya nguvu mpya kuingia.

Injini ndiyo watu wanayoiulizia zaidi, ingawa kuiweka mahali pake kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Blok ya LS3 ni ya aluminiamu, na kwa ile ya chuma niliyoitoa tofauti ya uzito ilizidi kilo 50. Vibao vya kuunganisha mauntingi (vishikio vya injini) hupatikana vikiwa tayari, na giaboksi mpya ya gia sita, Tremec T56 Magnum, ilikaa nyuma yake bila ubishi baada ya kukata na kuchomelea upya sehemu ya handaki la sakafu. Sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ndiyo iliyokataa. Ile iliyokuja na injini iligonga boriti ya mbele ya fremu, nami nikanunua sampu iliyotengenezwa kwa magari ya enzi hiyo. Ili kujua nafasi iliyobaki nilibandika udongo wa kufinyangia juu ya boriti hiyo, nikaishusha injini hadi ikae, nikaiinua tena na kupima unene wa udongo uliobanwa: milimita 12 mahali pembamba kabisa, kiasi kinachotosha injini inapotikisika.

Petroli ilihitaji uangalifu mkubwa. Kabureta hutosheka na PSI 5 hadi 7, lakini LS3 inataka PSI 58, na haina mahali pa kufunga pampu ya zamani inayosukumwa na kamshafti (shafti inayofungua vali za injini). Hozi za zamani zingepasuka karibu na eksozi yenye moto. Nilibadilisha tangi, nikaweka lenye pampu ya umeme ndani yake na kuta za kuzuia petroli isikimbie upande mmoja kwenye kona, nikapitisha bomba jipya, na katikati nikafunga kichujio chenye kirekebishaji cha presha kinachorudisha ziada tangini. Jambo jingine linalosahaulika ni mirija ya mvuke iliyo juu ya vichwa vya silinda. Ni lazima iunganishwe na sehemu ya juu ya rejeta inayopoza maji ya injini, la sivyo mapovu hukwama kichwani na kuunda sehemu zenye joto kali ambazo geji ya dashibodi haizioni.

Kwa upande wa waya nilimwita fundi wa umeme aliyenizidi umri kwa mbali. Injini ya zamani iliwasha plagi zake zote kupitia distribyuta moja. Hii ina koili nane, moja kwa kila silinda, sensa zisizopungua kumi na mbili, na hata akselereta yake haina kebo, bali pedali hutuma ishara kwa kompyuta. Nilipotaka kupunguza fungu la waya haraka, alinishika mkono. “Kijana, usikate waya usioujua unakokwenda.”

“Sawa, mzee,” nikamjibu, na tukatumia siku mbili nzima kuufuata kila waya kwa mita na kuuandika jina kwenye karatasi. Siku hizo mbili ndizo zilizotuokoa, kwa sababu injini ilipokataa kuwaka mara ya kwanza, stata ikizunguka vizuri na presha ya petroli ikiwa kamili, karatasi ile ilituthibitishia kwamba waya zote ziko sawa. Kilichokuwa kikiizuia ni mfumo wa kuzuia wizi ndani ya kompyuta, uliokuwa ukisubiri ufunguo wa gari ilikotoka. Ulipozimwa kwenye programu, injini iliwaka kwa mzunguko wa pili wa stata na kutulia kwa sauti sawia ambayo ile kabureta haikuwahi kunipa.

Niliiacha ipate moto, nikaizima, nikakagua uvujaji, nikaiwasha tena. Kisha nikarudi kwenye uwanja ule ule na ndoo za maji, kwa sababu pua ya gari sasa ilikuwa nyepesi na mgawanyo wa uzito haukuwa ule wa mwanzo. Magurudumu ya nyuma yaliweza kubeba kazi zaidi kidogo, nami nikakirudisha kitasa cha vali robo mzunguko. Asubuhi iliyofuata niliingia chini ya gari na tochi, nikapitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo cha breki na cha petroli. Kiungo cha nyuma kushoto kiliacha alama ndogo ya unyevu. Nilikikaza, nikakifuta, nikasubiri saa nzima huku mimi na mwenzangu tukikanyaga pedali kwa zamu, na karatasi ya pili ikatoka kavu.